Niligeuka Kumtafuta Kocha

Mjukuu wangu Raisa,

Salamu nyingi kutoka Mahajanga. Shangazi yako amejifungua salama. Mimi nabishana na magoti tu.

Unasema kocha wenu wa mpira wa magongo huko Marseille anawafokea, lakini mnashinda. Unauliza uvumilie au uache. Sisi vijana wa mtaa wa Ampisikina hapa mjini, uhuru ungali mpya, tulikuwa na kocha wa kandanda wa namna hiyo. Akipaza sauti "Piga!" tunapiga, "Rudi!" tunarudi. Kufikiri alitukataza. Tukazifunga timu zote za mjini.

Tukavuka kwa boti kutoka bandari ya Antsahampano hadi kisiwa cha Nosy Be kucheza fainali. Mwamuzi akamfukuza kocha uwanjani kwa matusi yake. Baadaye mpira ukaniangukia mguuni, goli li wazi, nami nikageuka kutafuta sauti yake. Nikanyang'anywa, tukafungwa. Kwenye boti ya kurudi hakuna aliyelia. Tulimsubiri yeye aturuhusu.

Miaka mingi baadaye, daktari aliponiuliza kama bibi yako apasuliwe au arudi nyumbani, niligeuka vilevile. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Usiningoje mimi nikuamulie, mwanangu.

Ni mimi babu yako, ninayekuombea.