Tangazo la Radhi

Andoany, 9 Juni 1962

Kwa mdogo wangu Mdahoma,

Assalaam alaikum. Hujambo, na homa yako imepoa? Sisi wazima ila mioyo. Nakuandikia kwa Kiswahili cha bibi, kwa herufi za Kiarabu tulizofunzwa chuoni, maana siku hizi barua zinafunguliwa posta.

Gazeti lako limefika. Mama Nadjma, aliyekunyonyesha mama yetu alipougua, yu mahututi na anawaita wanawe waje kuchukua radhi, nami nasoma gazetini kama mgeni! Sasa nikwambie siri. Ibouroi mwanawe, anayesakwa na polisi kwa kifo cha msimamizi wa bandarini, alikuwa kwangu mwezi mzima, akichuma maua ya langilangi shambani. Hajui kusoma, nikamsomea tangazo. Akasema huenda ni mtego. Nikamwambia, "Gazeti la Mdahoma? Mtu hamzushii mauti mama aliyemnyonyesha." Akanunua sanda, akapanda boti. Mpokee, umfiche.

Dadako,
Zaïnabou

Mahajanga, 20 Juni 1962

Dada yangu Zaïnabou,

Wa alaikum salaam. Mimi mzima wa mwili. Mama Nadjma naye mzima, dada, hajaugua hata mafua. Usinilaani kabla hujamaliza kusoma.

Kamishna wa polisi aliniletea tangazo lile limekwisha kuandikwa. Akasema nikilichapa, habari za msako nitazipata kabla ya gazeti lolote. Miezi miwili nilikuwa naokota makombo mlangoni pao. Nikalichapa. Nilijiambia Ibouroi keshafika Ngazidja, hatalisikia. Kumbe yuko kwa dada yangu.

Walimkamata mtaani Mangarivotra, mlangoni kwa mamake, sanda iko kwapani, kabla hajavuka kizingiti. Nami nilikuwepo, maana kamishna alitimiza ahadi yake. Ibouroi aliniona nimeshika daftari. Naona haya, dada, hata kwenda msikitini.

Mdogo wako,
Mdahoma

Andoany, 3 Julai 1962

Mdahoma,

Salaam. Afya sikuulizi.

Kumsaka mtu ni kazi ya polisi, nao hawakukuajiri. Watu walikuamini kwa sababu gazeti lako halikuwa lao. Chapa basi kwamba tangazo lilikuwa la uongo, na useme nani alilileta. Mimi nina langu: Ibouroi alitilia shaka, mimi nikamtoa shaka. Usingizi umenipaa.

Dadako, bado,
Zaïnabou

Mahajanga, 18 Novemba 1962

Dada yangu,

Assalaam alaikum. Natumai nyumbani hamjambo, na shemeji mgongo wake nafuu. Najua nimekaa kimya. Kamishna alisema nikikiri, gazeti litafungwa. Nikawa nasema wiki ijayo, wiki ijayo, hata Ibouroi akahukumiwa miaka kumi.

Mama Nadjma amefariki. Mara hii ni kweli. Nilimwendea kitandani kumwomba radhi, akaniuliza tu, "Ibouroi kafika?" Tumemzika kwa sanda ile ile, iliyomwanguka Ibouroi mlangoni.

Nilichapa tangazo la khitima, na chini yake nikaandika yote niliyoyafanya. Walikuja watu sita. Jamaa wa mtaa wa Tanambao walisema ni mtego mwingine, na hayo ya chini ndiyo chambo. Bwana jela alimsomea Ibouroi tangazo. Akacheka, akageukia ukutani. Kila asubuhi, kwa mujibu wa askari, anamwombea mamake umri mrefu.

Mwandikie wewe, dada. Mimi hanisikii. Wewe ulimpa hifadhi.

Mdogo wako mkosefu,
Mdahoma

Andoany, 6 Januari 1963

Ndugu yangu Mdahoma,

Wa alaikum salaam. Tunaishi, alhamdulillahi. Mgongo wa shemeji yako ni ule ule.

Nilimwandikia Ibouroi, nikamwapia kwa Msahafu. Jibu limefika leo, ameandikiwa na mfungwa mwenzake. Nakunakilia lote, si refu:

"Dada Zaïnabou, ulinisomea mara moja, yatosha. Nisalimie mama. Mwambie asichoke kuningoja, radhi yake nitakuja kuichukua mwenyewe."

Salamu hizo sina wa kumpelekea. Nakuletea wewe.

Dadako,
Zaïnabou