Jina Ambalo Sikuliandika

Jumatatu, 10 Juni 2024

Barua ya baraza la kata imefika. Shauri ni Alhamisi ya wiki ijayo. Kaka yangu Sifaeli anataka kihamba chote cha baba – kahawa, migomba, na nyumba hii ninayolala. Miaka kumi na minne nimemuuguza baba mpaka nikamzika, yeye anakuja Krismasi na kuondoka na mikungu ya ndizi. Leo anasema mtoto wa kike hana kihamba. Muhtasari wa kikao cha ukoo cha 2004, baba alipogawa kihamba, alikaa nao yeye. Eti umeliwa na mchwa. Mchwa gani hao wanaochagua karatasi?

Jumatano, 12 Juni

Nimekumbuka nikichambua maharage. Muhtasari ule niliuchapa mimi, kwenye kompyuta ya chama cha kahawa, nilipokuwa karani. Na kila Ijumaa tulinakili kila kitu cha kompyuta kwenye kanda za kuhifadhia. Chama kilipokufa nilibeba mashine ya kanda na kanda zake, maana hakuna aliyezitaka. Zipo juu ya kabati, nimezifunga kwa khanga kuukuu. Kanda ya Septemba 2004 ipo!

Jumamosi, 15 Juni

Nimeshuka mjini, Sekei, kwa Gerson, fundi wa kompyuta. Kwanza alicheka. Plagi ya mashine ni pana kama kiganja, ina pini hamsini. Laptop ina vitundu vya USB tu. Mama, hivi viwili havijuani, akasema. Alitaka nimwachie niende zangu. Nikakataa – nimeshaachia watu vitu vya kutosha. Nimeketi dukani kwake mchana kutwa. Akajaribu waya huu na ule. Mashine inawaka taa, laptop haioni kitu.

Narudi nyumbani Maji ya Chai, namkuta Sifaeli kihambani anahesabu hatua na mtu wa kupima. Nikamwamkia, ni mkubwa wangu. Akaendelea kuhesabu.

Jumanne, 18 Juni

Gerson kapiga simu. Kapata laptop nzee yenye tundu la kadi ubavuni, na kadi yenyewe ya kuunganishia mashine za zamani. Niende kesho asubuhi. Keshokutwa ndiyo shauri.

Jumatano, 19 Juni

Imeona. Mashine ikanguruma, kanda ikazunguka karibu nusu saa, mafaili yakaanza kujitokeza. Nililia mbele ya wateja, sikujali.

Faili la kikao limefunguka. Nimelisoma mara tatu. Limeandikwa: kihamba cha nyumbani atapewa mtoto aliyekubali kumtunza mzee.

Basi. Jina hakuna.

Baba alilitamka. Alisema Elieshi, jina langu, mbele ya ukoo mzima, Sifaeli akiwa pale anakunywa mbege. Mimi nikaona haya. Binti ajiandike mwenyewe kwenye ardhi ya baba yake? Wazee wangesema nina tamaa. Nikaandika kwa adabu, wakaweka sahihi, maana kila mtu alijua ni nani. Wale waliojua wamekwisha kuzikwa. Kabaki Sifaeli, naye kesho atasema mtoto huyo ni yeye. Yeye namchukia, lakini leo najichukia zaidi mimi.

Gerson alikuwa anasoma nyuma yangu. Akasema taratibu: mama, hili ni faili tu. Jina linaongezeka, na tarehe ya zamani naweza kuirudisha. Halafu si ndivyo mzee alivyosema? Utakuwa umedanganya nini? Nikamwambia anyamaze. Akatoka kwenda kula. Akirudi ataprinti, kesho saa tatu niwe barazani.

Naandika haya dukani kwake, daftari mapajani, laptop mbele yangu iko wazi. Mimi mzee wa kanisa, mwanakwaya miaka thelathini, binti wa baba yangu. Herufi saba tu.

Nimeliandika. Nimelifuta.

Nimeliandika tena. Gerson anarudi, namsikia anamsalimia mtu hapo mlangoni –