Kamba ya Kufungia Pori

Lubumbashi, mvua zimeanza

Kaka Nestory,

Shikamoo kaka. Nakusalimu mapema kabla hasira hazijanipanda, maana najijua. Mama hajambo? Miguu yake bado inavimba, au ile dawa ya kuchua imemsaidia? Wifi na watoto je? Mimi na wanangu tu wazima. Tunakula, tunalala, tunagombana na watu. Barua hii msomee Mama yote, usimrukie mistari. Nakujua wewe, ukifika kwenye neno linalokukera unajifanya macho yana ukungu.

Naandika kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi. Uliongea wewe, ukaongea tena wewe, halafu mtandao ukakatika nikiwa nimefungua mdomo. Ulisema umesikia nimekosana na ukoo wa mume wangu kwa ajili ya wadudu. Ukasema mwanamke aliyeolewa ugenini hapandishi sauti, kwa hiyo nimwombe shemeji msamaha, au nifungashe nirudi Kigoma kabla sijawaaibisha. Haya, nimekusikia. Sasa na wewe kaa chini unisikie.

Siombi msamaha, na sirudi.

Hao unaowaita wadudu, huku wanaitwa finkubala. Ni viwavi, wanene kama kidole, wanaokula majani ya miti ya pori. Wakikamuliwa matumbo, wakachemshwa na kuanikwa, ni mboga ya heshima mji mzima, kwa maskini na kwa tajiri. Mwaka nilioolewa na Mwape niliwekewa sahani yao, nikatoka mbio kwenda kutapika nyuma ya nyumba, na mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. Leo mimi ndiye ninayewauza sokoni, meza moja na dagaa wenu wa Kibirizi. Kuanika najua tangu tumboni mwa Mama, kilichobadilika ni kinachoanikwa tu.

Pori ninakowatoa ni la ukoo wa Mwape, nje ya barabara ya Kipushi, unaacha lami na kutembea mpaka miguu ikuulize unakwenda wapi. Lina utaratibu wake. Mvua za kwanza zikinyesha, vipepeo wakubwa wa usiku wanatoka ardhini, wanataga mayai kwenye majani. Viwavi wakianguliwa, mama mkwe anachuna gome la mti, anasokota kamba, anaifunga kukatiza njia ya kuingilia. Hapo pori limefungwa. Haingii mtu, hata awe mtoto wake wa kumzaa mwenye njaa. Viwavi wakishanenepa, yeye mwenyewe anaifungua kamba, na wanawake tunaingia na ndoo. Tunaokota kwa mkono matawi ya chini, na wa juu kabisa tunawaacha. Hao watashuka wenyewe, watajifukia kwenye udongo chini ya mti wao, walale humo mpaka mvua za mwaka unaofuata. Mwaka huu mama mkwe nyonga inamsumbua, hawezi mwendo ule. Kamba alinikabidhi mimi. Hakumpa mwanawe, alinipa mimi Muha wa ziwani.

Sasa sikiliza alichofanya shemeji Chanda, mdogo wake Mwape. Si mtu mbaya, nasema kweli, ni mcheshi na wanangu wanampenda. Lakini tangu kazi yake ya udereva iishe amekuwa mtu wa kukaa na kuwaza, na kiangazi hiki alikuja mfanyabiashara wa makala mwenye malori yake akamsaidia kuwaza. Makala ndiyo mkaa, kaka. Mji huu wote unapika kwa makala, kwa sababu umeme ukija unakuja kama mgeni asiyetaka kuvua viatu. Chanda akauza miti ingali imesimama. Hakumwambia Mwape, hakumwambia mama yake. Sisi tulikuwa mjini, tukajua pale jirani wa kule kijijini alipokuja sokoni akaniuliza kama ninahamia biashara ya makala.

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Kaka, nilisimama pale nikapiga kelele peke yangu kama kichaa. Upande mzima wa kijito kinachokata pori ulikuwa visiki. Misumeno ya moto haichagui, imekata mzee na mtoto. Ndege wanaofuatana na finkubala kila mwaka, ambao makelele yao yananikeraga, hawakuwepo hata mmoja. Nyuki wa kwenye ule mti wenye pango walikuwa wamekwenda zao. Na matanuru ya makala yalikuwa bado yanatoa moshi.

Na hapo ndipo palinichoma zaidi. Unajua tanuru linavyotengenezwa? Magogo yanapangwa, yanafunikwa majani, kisha udongo juu, hewa isiingie. Na udongo wameuchimba wapi wale vijana? Palepale chini ya miti, palipo laini. Udongo uleule ambao finkubala wa mwaka jana walikuwa wamelala ndani yake wakisubiri mvua. Nililivunja kwa jembe tanuru lililopoa, wakawa wanadondoka mkononi mwangu wamekaangika, weusi, wakavu, wepesi kama makapi. Waliuchoma mti na mwenye mti kwa moto mmoja. Nililia, kaka, na sioni haya kukuambia.

Mvua nazo siku hizi hazina adabu. Zinaanza, zinaacha, zinaanza tena. Zilipoanza, vipepeo waliosalimika upande ule walitoka ardhini kama kawaida yao, wakatafuta miti. Wakataga kwenye visiki na kwenye nyasi. Nilikwenda kutazama vilivyoanguliwa, vidogo kama uzi, vinatambaa juu ya kisiki vikizunguka, vinatafuta jani. Mvua ikaacha, jua likawaka, na siku niliyorudi havikuwepo tena. Upande wa pili wa kijito, miti iliyobaki, wapo. Hao ndio ninaowagombania, na miti yao.

Nilimfuata Chanda kwake. Nilimkuta anakula. Nikamwambia yote, kwa sauti, ndiyo, majirani walisikia, na hapo ndipo ilipotoka hiyo habari iliyokufikia. Yeye alinijibu taratibu, "Shemeji, finkubala iko mara moja mu mwaka. Makala iko kila siku."

Nikamwambia, "Makala ya mti mmoja ni mara moja, Chanda. Ukishaichoma imekwisha. Finkubala wa mti huohuo wanakuja kila mwaka mpaka wajukuu zako."

Akacheka. "Na weye, ku nyumba unapikaka na nini?"

Alinipata, sitakudanganya. Napika kwa makala. Hata maharage ya leo yako juu ya makala ninavyoandika. Nikamjibu, "Napika kwa makala, sikatai. Hata kuku nachinja. Lakini simchinji yule anayelalia mayai." Akaniita mugeni. Nikamwita jina ambalo Mama asomewe kwa upole: nilimwita panya. Hilo neno, kaka, ndilo ukoo ulilotaka nililiombee msamaha. Visiki havikuulizwa na mtu.

Basi ukaitishwa mkutano wa ukoo, Jumapili, nyumbani kwetu. Hapa watu wakipatanishwa lazima wale sahani moja: bukari, ndio ugali wa huku, na finkubala wa pori la ukoo wenyewe. Wa sokoni hawafai. Na anayepika ni yule anayeomba pardon, yaani mimi. Mwape alikuwa amekuja likizo kutoka mgodini. Usiku wa kuamkia siku hiyo alinitazama tu, akauliza, "Utapika?" Nikasema nitapika. Akashusha pumzi, maskini, akadhani yamekwisha.

Nilipika bukari, na nilisonga vizuri kweli. Wazee wakakaa, Chanda akakaa ameshaoga na shati jeupe, mama mkwe tukambeba na kiti chake. Nikapitisha maji ya kunawa. Nikaweka bukari katikati. Halafu nikaweka sufuria ya mboga, nikaifunua. Ilikuwa tupu, nimeisugua inang'aa.

Baba mkubwa wa Mwape akainama akaichungulia sufuria kama kuna kitu kimejificha pembeni. Mama mkwe ndiye aliyesema. "Mi nilikuya kula. Mboga iko wapi?"

Nikamjibu kwa Kiswahili chao, ili asiwepo wa kusema mugeni hakueleweka. "Mama, mboga ilishaenda na kamyo."

Kamyo ni lori, kaka. Kila mtu pale alimtazama Chanda. Yeye akatazama shati lake. Mama mkwe hakuwa ameambiwa, walikuwa wanamficha kwa sababu ya ugonjwa. "Kamyo ya nani?" akauliza. Akauliza tena, sasa amemgeukia mwanawe. "Chanda. Kamyo ya nani?"

"Mama, batoto banataka masomo," Chanda akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Na mi nilikusomeshaka na nini?"

Unajua alimsomesha na nini? Finkubala wa pori lile, ndoo kwa ndoo, sokoni, na mtoto Chanda mwenyewe mgongoni. Alinyoosha mkono, akamega tonge la bukari, akala kavu. Anatafuna kwa meno mawili matatu yaliyobaki, machozi yanatoka, sijui ni ya uchungu au ya hasira, na yule bibi akiwa na hasira hata mbwa wa mtaani wanajua. Wazee wakaona aibu kukaa tu, nao wakamega, wakala kavu. Mwape akamega, akameza kwa shida. Kisha akamega tonge la pili. Hapo nilijua nina mume.

Chanda hakula. Alinyanyuka akatoka, na mpaka leo hatujasalimiana. Najua anaumia. Mimi pia naumia, kwa sababu nilizoea utani wake. Lakini habari ya mimi kuomba pardon haikutajwa tena. Mkutano ulikwisha hivyo, bukari imebaki nusu na sufuria inang'aa.

Usidhani nimeshinda. Yule mwenye malori amekwishatoa pesa yake, na anadai upande wa pili wa pori ni wake. Alikuja juzi na gari dogo, matope yakamkamata, wanawake wa kijijini wakamtazama anavyohangaika bila kumsukuma. Nilimwambia aje kesho au mwaka kesho, atanikuta. Akacheka, akasema, "Mama, mvua itaisha." Anangoja njia ikauke malori yapite. Na mimi nangoja. Nimeongea na wanawake kule, tumepangana zamu, kila siku wawili watatu wako porini, na mama mkwe amesema njia ikikauka abebwe na kiti chake akawekwe palepale njiani. Mwape amesema atakibeba yeye, hata kama likizo imekwisha.

Ndiyo maana sirudi, kaka. Na usiniambie ni wadudu. Wewe ni mtu wa dagaa. Ziwa lilipofungwa ili dagaa wapumzike wazaane, ulinung'unika miezi yote ile, nikakusikiliza kwenye simu mpaka sikio likawaka moto. Lakini mtumbwi uliufunga. Vijana walipotaka kuingia kwa kuiba na vyandarua, uliwakimbiza ufukweni na kasia mkononi, Mama mwenyewe alinisimulia akicheka. Kuna aliyekutuma ukawaombe msamaha? Na ziwa lilipofunguliwa, nani alinipigia simu kupiga kelele kwamba dagaa wamerudi na miili yao? Mbona wako unawaita dagaa, wangu unawaita wadudu?

Msalimie wifi Yustina, mwambie kitenge nimekiona, nitampelekea. Msalimie mjomba Bosco fundi mitumbwi, na shangazi anayeniombea kila asubuhi. Mwambie aendelee, safari hii amtaje na mwenye malori. Mama mbusu mkono wa kulia. Mwambie mwanaye hajaaibisha mtu.

Sasa nakuja kwenye ombi. Kamba ya mwaka huu sijaifunga. Nimezunguka pori lote lililobaki nikitafuta gome la kusokota, na ule mti wenye gome refu, aliokuwa akiuchuna mama mkwe miaka yote, ulikuwa upande wa visiki. Nimejaribu mingine, inakatika mkononi. Finkubala wamekwishaanguliwa na njia iko wazi. Mwanamke anayekuletea barua hii ni yule mfanyabiashara wa dagaa anayepitia Kalemie, na atarudi huku na meli ileile. Mpe kamba, kaka. Sitaki mpya ya dukani. Nataka ile yako nene ya bluu, uliyofungia mtumbwi ziwa lilipofungwa. Kama bado unasema niombe msamaha, basi usiitume, nitajua. Ukiituma, ifunge fundo lile unalolijua wewe, ambalo hakuna aliyewahi kulifungua.

Mimi mdogo wako, ninayengoja kwenye njia ya pori,
Devota