Picha ya Bibi Peke Yake

Jumanne. Joto la Januari limeikalia Kariakoo, na feni inazungusha hewa ileile. Sina huzuni, sina furaha. Nipo tu.

Tangu nirudi kutoka Rombo nimekuwa nikiziahirisha picha za likizo. Leo nimezihamishia kwenye kompyuta na kuanza kufuta: migomba iliyotoka na ukungu, mbuzi wa Krismasi akiwa hai na akiwa kwenye sufuria, mlima uliojificha mawinguni kila nilipoinua simu. Nimefuta bila kusita. Hata zile nilizozipiga huku nacheka hazikunigusa.

Mama hakwenda. Kila Desemba sisi Wachaga tunapanda nyumbani, lakini safari hii alisema duka la vitenge halifungwi msimu wa biashara. Niliporudi nikamwambia kwamba Bibi amekonda, kwamba hospitali wamemruhusu akapumzike nyumbani. Akajibu, "Mama yangu ni mzee tu," akaendelea kukunja vitenge.

Sikubishana naye.

Mchana nikaifikia picha moja ya Bibi. Amekaa kwenye benchi la jikoni, kitambaa cha bluu kichwani, anamcheka mtu aliye pembeni. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Nikawakata binamu zangu waliombana kulia na kushoto, nikaondoa masufuria nyuma yake, nikaweka rangi ya kijivu iliyotulia, nikaongeza mwanga kidogo usoni. Nikaituma kwenye grupu la ukoo bila neno lolote. Nikaiacha simu kwenye chaji na kurudi kwenye migomba yangu.

Mtu mwenye akili zake angejua. Katika grupu letu, picha ya mzee akiwa peke yake, isiyo na maelezo, ina maana moja tu.

Nilipoishika simu tena, ukoo ulikuwa umeshaomboleza. "Pumzika kwa amani, nguzo yetu." "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Mjomba wa Arusha alikuwa ameshaitisha kikao cha kupanga usafiri.

Nikaandika haraka kwamba Bibi ni mzima, kisha nikashuka ngazi mbio hadi dukani.

Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye marobota, macho makavu kabisa. Mama Salma wa duka la jirani alikuwa amemkumbatia, analia kwa niaba ya wote wawili.

"Bibi yuko hai," nikasema. "Nilikuwa nahariri picha tu."

Mama Salma akanyamaza ghafla. "We mtoto! Unaua watu kwa simu? Mie nimeshafukuza wateja, Innalillahi nimeitoa mpaka kwa wauza viatu kule!"

Mama akachukua simu yake. Akapiga Rombo, akaweka spika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kumbe nimekufa," Bibi akasema, kwa sauti nyembamba kuliko ile niliyoiacha. "Jirani kaja na mkungu wa ndizi za msiba. Nimemwambia auache hapohapo. Haya, wewe umelia?"

"Nimeshindwa, Mama."

"Mh. Basi njoo. Hizi ndizi zitaiva, na mimi sizili."

Simu ilipokatika, Mama aliendelea kuishikilia mkononi. Mama Salma akajifuta uso na ncha ya mtandio, akaenda kufungua duka lake. Ndipo Mama aliponiuliza, bila kunitazama:

"Hospitali walisema nini hasa?"

Nikamwambia yote. Safari hii hakukunja kitu.

Tumefunga duka jua likiwa bado kali. Nimekata tiketi mbili. Kwenye grupu, wale walioomboleza sasa wananitukana, na mjomba anataka niombe radhi kwa ujumbe wa sauti. Nitaomba. Nawasoma kama nasoma ugomvi wa watu nisiowajua. Najiuliza kama kuna kitu kimevunjika ndani yangu, au ndivyo woga ulivyo ukikaa sana bila kutajwa.

Mama anapanga begi chumba cha pili. Ameniuliza kama Bibi bado anaweza kula wali. Nimemjibu hapana, ni uji tu, tena mwepesi.

Kisha nikamsikia akiutoa mchele begini.

Basi letu linaondoka alfajiri.