Safu ya Mshauri Ilikuwa Tupu

Ghorofa ya Pili, Mlango wa Saba,
Nyuma ya Karakana ya Matairi.

Jumatatu, tarehe 12 Mei.

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Shemeji na wote wa hapo nyumbani. Goti la Shemeji linaendeleaje? Mwambie aache ukaidi, ile fimbo aliyopewa hospitali si pambo la kuegemezwa nyuma ya mlango. Na wewe, presha umeipima mwezi huu? Kama hujapima, usiendelee kusoma. Nenda kwanza kapime, kisha urudi ukae chini.

Mimi sijambo kiasi. Nyonga imepona, ngazi napanda bila kushika ukuta, ila siku hizi sita usingizi umenihama na chakula hakipiti. Si ugonjwa. Ni mshtuko, Dada. Nimeshika simu mara tatu nikupigie, mara tatu nikaiweka. Haya mambo siwezi kuyasema huku nasikia unavyopumua.

Nianze na lililo kubwa, maana kuzunguka hakusaidii. Usifunge safari ya mahafali. Chiriku wetu hahitimu tarehe ishirini na nne. Si kwamba amefeli, mwanao hajafeli hata somo moja. Kosa ni langu mimi.

Najua umeshasimama. Kaa nikueleze.

Kazi yangu unaijua juu juu. Unawaambia watu kwamba mdogo wako ni mwalimu wa chuo, nami sikusahihishi kwa sababu napenda kusikia. Mimi si mwalimu, ni mshauri wa masomo. Chuo chetu ni cha miaka miwili, watu wanaanzia hapo kabla ya kuhamia chuo kikuu, na wengi wana kazi na watoto, hawana muda wa kupotea njia. Mwanafunzi anachukua namba, anakuja dirishani, nafungua faili lake, tunapitia pamoja orodha ya masomo anayotakiwa kumaliza, tunaweka alama, anatia saini, natia saini. Miaka kumi na moja nafanya hivyo, na bila kujisifu sana, wapo wanaoacha namba zao zipite ili wanipate mimi.

Kuna jambo moja ninalowaimbia wote kama wimbo. Orodha ya masomo hubadilika. Uliyoanza nayo ni yako mpaka umalize, ilimradi usikatishe. Ukikosa muhula mmoja tu, hata kwa msiba, ile ya zamani imekufa, na ukirudi unahesabiwa kwa mpya. Nimelisema hilo mpaka mfagiaji wetu anaweza kunishikia dirisha.

Sasa Jumanne iliyopita ikatoka orodha ya waliozuiwa kuhitimu. Inatoka kila mwaka, na kila mwaka tunaigombania, maana kila mshauri anataka kuona mwenzake amevurunda wapi. Jedwali lenyewe ni pana, printa yetu hulikata vipande viwili, majina karatasi moja, sababu karatasi nyingine. Mwenzangu wa dirisha la jirani akanyakua majina, mimi nikabaki na sababu. Mstari wa tisa ulisema: alikatisha muhula mmoja, anahesabiwa kwa orodha mpya, hana maabara ya kemia. Na kwenye safu ya mshauri hapakuwa na kitu. Miaka miwili, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumfungulia faili.

Nikaangua kicheko, Mungu anisamehe. Nikasema ofisi nzima ikisikia, "Jamani, huyu mtoto hana watu? Hana hata shangazi wa kumwambia nenda kamwone mshauri?"

Mwenzangu hakucheka. Aliweka karatasi yake kando ya yangu mpaka mistari ikalingana, akanionyesha kwa kidole. Lilikuwa jina la mwanao.

Dada, nilisoma jina, nikasoma namba, nikasoma tarehe ya kuzaliwa, ile siku niliyokaa mlangoni pa wodi nimekushikia mkoba. Nilitafuta kosa la kompyuta nikalikosa. Mtu alinisogezea kiti na mimi sikujua kama ninahitaji kiti.

Utauliza ilikuwaje. Ilikuwa jikoni kwangu. Sheria yetu inasema ndugu yako huruhusiwi kumshauri wewe mwenyewe, unampeleka kwa mwenzako. Mimi nikaona aibu gani hii, mtoto wa dada yangu akapange foleni na mimi nipo? Basi kila muhula ukianza ananiuliza, mama mdogo nichukue nini, nami namjibu nimempa mgongo, nakaanga mayai: chukua anatomia, takwimu iache kwanza, maabara ya kemia huihitaji. Na kweli wakati ule hakuihitaji. Faili lake sikulifungua hata siku moja. La nini, na kichwa changu ndicho kabati la mafaili? Wanasema mganga hajigangi. Mimi nimeshindwa mpaka kumganga wa nyumbani kwangu.

Na huo muhula aliokatisha unaujua vizuri. Ni ule nilioteleza kwenye ngazi nikavunjika nyonga. Miezi minne alinigeuza kitandani, akaniogesha, akanisomea barua zako. Aliacha masomo mbele ya macho yangu, tena kwa ajili yangu, na ule wimbo ninaowaimbia watu baki haukunijia kichwani hata mara moja. Hapo ndipo ninaposhtuka upya kila nikikumbuka.

Jioni ile ile nilimwambia. Kwanza alicheka, akidhani ni utani wangu. Kisha akakaa kwenye kile kiti kifupi cha jikoni. Unamjua, hatukumwita Chiriku bure, lakini safari hii alikuwa na swali moja tu. Aliuliza, "Kwa hiyo, mama mdogo, ningekuacha kitandani ningehitimu?"

Leo ni siku ya sita, na swali hilo bado naamka nalo.

Ubaya hauishii kwenye mahafali. Ile nafasi ya uuguzi aliyopata chuo kikuu ina sharti, cheti chake kifike kabla ya Julai kwisha. Maabara ya kemia inafundishwa tena Septemba. Ukipiga hesabu utaona mwenyewe, nafasi ingemponyoka, na unajua ameililia tangu akiwa anawafunga wanasesere bendeji.

Njia ilikuwa moja. Kamati ya masomo ikikubali kwamba kosa ni la chuo, inaweza kumpa darasa la likizo, wiki sita. Lakini kosa la chuo huthibitishwa kwa faili, na faili lake lilikuwa tupu. Kilichobaki ni mimi kuandika kwa mkono wangu, nitie na saini, kwamba kwa miaka miwili nilimshauri ndugu yangu jikoni bila kumbukumbu yoyote. Kuna mwenzetu aliwahi kufukuzwa kwa dogo kuliko hilo.

Chiriku alinikataza. Alisema atasubiri Septemba, nafasi nyingine zitakuja, mimi umri huu kazi nitaipata wapi. Nilimtazama alivyokuwa anasema, hata yeye hakuyaamini. Alhamisi saa ya chakula cha mchana nikaandika kurasa mbili, nikazipeleka bila kumwambia.

Ijumaa kamati ikakaa. Mkuu wetu wa washauri ni mama mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Alisoma kurasa zote mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Wengine uliowashauri jikoni ni wangapi?" Nikasema ni huyo mmoja tu. Akaniangalia kidogo. "Yaani yule unayempenda kuliko wote."

Heri angenitukana.

Uamuzi ni huu. Darasa la likizo amepewa, linaanza tarehe mbili Juni, na akifaulu cheti kitatoka katikati ya Julai. Mahafali hapana, jina lake limeshaondolewa na joho limerudishwa. Mimi nimepewa barua ya onyo, na faili lake siruhusiwi kuligusa. Kazi bado ninayo. Watu wananipa hongera kwa hilo, nami nasikia aibu tu, sijui niweke wapi uso.

Nilidhani mishtuko imekwisha. Leo asubuhi namba ikaitwa dirishani kwangu, nikainua kichwa, aliyesimama ni yeye. Alikuja kuandikishwa lile darasa. Alikuwa ametoka nyumbani kabla yangu, amechukua namba kama watu wote, amekaa kwenye foleni karibu saa nzima, nami nimeinamia makaratasi sijamwona. Alisogea mpaka kwenye kioo. Hakuniita mama mdogo. Alisema, "Samahani, naomba mshauri mwingine." Kwa adabu kabisa, kama mtu asiyenijua.

Sikumwonea hasira, Dada. Nilimwelekeza kwa mwenzangu. Yeye akafungua faili, akalipitia naye mstari kwa mstari, wakatia saini wote wawili. Na Chiriku akauliza maswali. Mengi! Somo hili nikihamia chuo kikuu litapokelewa? Lile linahesabiwa wapi? Maswali ya miaka miwili, ambayo jikoni kwangu hayakuwahi kupata nafasi kwa sababu nilikuwa nimeshajibu. Nilihudumia watu wanne nikiwa sioni vizuri ninachoandika. "Nenda dirisha lile pale," ndivyo nilivyomwambia. Tangu aanze chuo, huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwake uliokuwa sahihi.

Basi, Dada, nisalimie Shemeji, na Mama, ila yeye usimsomee barua hii yote, iruke ile sehemu ya kicheko changu. Msalimie kitinda mimba wetu na mkewe, na mapacha wao uwabusu kwa niaba yangu. Ukiniandikia, anza kwa kunigombeza, usipunguze neno, nitasoma mpaka mwisho.

Mungu akupe moyo wa kuyapokea haya, na amfikishe mtoto wetu pale nilipokaribia kumzuia.

Wako akupendaye, hata kwenye hasira zako,

Mdogo wako.