Siku Mama Mkwe Alipofungua Mlango

Katuba, Jumanne, 4 Novemba 1952
Nimefua. Nguo hazikauki, hewa nzito. Mama mkwe ameshinda akiokota vitu uani na kuviingiza ndani. Kinu, beseni, vipande vya bati. Nimejikwaa mara mbili. Nimechoka naye. Anasema kwao Pweto, ziwani, aliona upepo wenye mkia ukinyanyua mitumbwi. "Upepo haiuwe muntu. Bintu njo inauwa." Yaani vitu ambavyo upepo unavirusha ndivyo vinavyoua. Mume wangu Sylvestre amecheka. Nyumba yetu ni ya matofali, kasema.

Jumatano, 5 Novemba
Joto. Mama ametuonyesha pa kujificha: chumba cha kati, mbali na dirisha, chini ya meza, godoro juu. Mlango usifunguliwe. Amenilazimisha kujaribu. Aibu. Jirani yetu Odile alichungulia akacheka. Mabati yake yameshikwa na mawe tu. Mama akamwambia, "Upepo ikikuya, ukuye kwetu mbio. Usingojee." Odile akaitikia kama watu wanavyowaitikia wazee.

Ijumaa, 7 Novemba
Jana alasiri mbingu ziligeuka rangi ya shaba iliyoota kutu. Mkia ukashuka nyuma ya bomba la moshi la kiwanda. Sylvestre alikuwa kazini. Tukaingia chini ya meza, mimi na Mama. Masikio yaliniuma.

Kisha mlango ukagongwa. Odile. "Mama, fungula."

Mama akainuka. Nilimshika kikwembe alichojifunga kiunoni. Kilibaki mkononi mwangu. Alimvuta Odile ndani, akamsukuma chini ya meza, mahali pake mwenyewe. Paa likaenda. Boriti ikamwangukia Mama kifuani.

Kulipotulia tulimtoa nje. Nilitaka kurudi kumchukulia blanketi. "Usiingie," akasema. "Ukuta haiyamaliza." Ukaanguka nikiwa bado nimesimama pale.

Jumamosi, 8 Novemba
Hospitali. Mama amefariki asubuhi.

Jumapili, 9 Novemba
Tumemzika kwenye mvua. Odile alilia kuliko sisi. Ninamchukia. Hana kosa. Ninamchukia.

Jumatano, 12 Novemba
Tuko kwa kaka yake Sylvestre. Mchana kweupe nasikia mlango ukigongwa. Nafungua. Hakuna mtu. Shemeji ananitazama. Leo sikufungua, na kumbe alikuwa mtoto wake, amelowa. Niliogopa mikono yangu iliyokataa kufungua.

Jumapili, 16 Novemba
Baada ya misa Sylvestre ameniuliza Mama alisema nini mwisho. Nikamwambia habari ya ukuta. Ya kikwembe sikumwambia. Nimekifua, bado kina vumbi la matofali.

Jumanne, 25 Novemba
Tumerudi. Ukuta umejengwa upya, mabati mapya, misumari mingi. Odile amekuja na samaki wakavu. Aliniita kutoka barabarani, akasubiri nitoke. Hagongi tena. Sikumwomba aache. Tulichambua mboga za lengalenga. Alikaa kwenye kiti cha Mama. Nilimwacha.