Jina Langu Kwenye Kadi ya Ofelia

Toledo, Ohio
Tarehe 4 Novemba

Dada yangu mpendwa Bernadette,

Salamu nyingi zikufikie huko Tampa, wewe na shemeji Leonard. Natumaini nyonga yako imepata nafuu na daktari amekuruhusu kutembea bila mkongojo. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Magoti yananisumbua, lakini baridi ya huku imeshaanza, na nani asiyesumbuliwa?

Kubwa lililonifanya nishike kalamu ni hili: nimepata nyumba. Ni ndogo, iko chini, hakuna ngazi, na jua la asubuhi linaingia jikoni. Nimepanga kwa jina langu mwenyewe. Najua utacheka, mwanamke wa umri huu kujisifia kupanga, lakini ngoja nikueleze.

Unakumbuka marehemu mume wangu Kaz alivyokuwa. Gari jina lake, nyumba jina lake, hata simu jina lake. Mimi nilipika na kulea, nikaridhika. Alipofariki nikauza nyumba, nikaenda kutafuta pa kupanga. Kijana wa ofisi akaandika jina langu kwenye kompyuta, akasubiri, akakuna kichwa, akaniambia, "Mama, humu ndani wewe bado hujazaliwa." Sikuwa nadaiwa na mtu, dada, na kumbe hiyo ndiyo ilikuwa shida. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kunikopesha, hakuna wa kunishuhudia kwamba nalipa. Nililia kwenye basi mpaka mama mmoja akanipa leso.

Ndipo nikahamia chumba cha chini kwa mwanangu Gregory. Mkewe, Ofelia, anaendesha basi la shule, na malipo ya kadi yake ya mkopo hajawahi kuyachelewesha tangu aipate. Siku moja tukimenya viazi akaniambia ataomba benki iongeze jina langu kwenye kadi hiyo. Malipo yake mazuri yataandikwa kwangu pia, na polepole nitajulikana. Nikamuuliza, je, nikinunua vitu ovyo? Akasema deni ni lake, na jina litakaloharibika ni lake. Gregory akadakia, "Mpe mama kadi uone! Kesho duka la nyuzi za kufumia litafungwa kwa kuishiwa mali." Ofelia akamjibu, "Afadhali yeye na nyuzi zake kuliko wewe na vifaa vyako vya kuvulia samaki." Tulicheka sana siku hiyo.

Benki ikakubali. Kadi yenye jina langu ilipofika, niliitazama kama mtoto anavyotazama picha yake ya kwanza. Nilinunulia mkate na maziwa tu, nikampa Ofelia fedha zake mkononi. Alama zangu za kuaminika kwa mkopo zikaanza kupanda kwenye kompyuta zao.

Sasa, dada, keti. Kila ukipiga simu unanipongeza kwa kuzaa mtoto mwema anayemtunza mama yake. Nimekuwa nikinyamaza kwa aibu. Gregory aliondoka tangu Pasaka. Yuko Columbus na mwanamke mwingine, na talaka imeshatoka. Ofelia ndiye aliyebaki na mimi, yule yule ambaye hukuja harusini kwake kwa sababu wazazi wake walitoka Mexico.

Gregory alipoondoka nilifungasha mizigo yangu. Nilimwambia Ofelia anitoe kwenye kadi, kwa kuwa mimi si mkwe wake tena. Alisimama mlangoni bado amevaa koti la kazini. "Unakwenda wapi, mama? Aliyeniacha ni Greg. Wewe umenikosea nini?" Nikasema watu watamcheka kwa kumfuga mama wa mwanamume aliyemkimbia. "Wacheke. Rudisha nguo kabatini, chakula kinapoa." Nilirudisha nguo.

Jina langu hakulitoa. Mwezi uliopita nilirudi kwenye ile ofisi, na kijana yule yule akatazama kompyuta, akanipa funguo. Ofelia alinihamishia vitu vyote kwa gari lake. Nilipomshukuru aliona haya, akaenda kuangalia kama bomba la jikoni linavuja.

Umesema mtakuja Sikukuu ya Shukrani, na nimefurahi mno. Gregory nimemwambia aje Ijumaa, kwani yeye ni mwanangu na simfukuzi. Lakini Alhamisi, siku ya sikukuu yenyewe, meza yangu ya kwanza katika nyumba yangu, Ofelia atakaa kulia kwangu. Magoti yangu ni mazito kuinuka, kwa hiyo mkibisha hodi, yeye ndiye atakayewafungulia. Nakuomba, dada, kabla hujaniuliza niko wapi, mkumbatie.

Msalimie sana Leonard, na uwasalimie majirani wote wanaonikumbuka. Mungu awalinde njiani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Lorene